Kurehemu Chuma

Mdogo wangu alishuka kwenye basi hapa Ushirombo na begi lake la magurudumu, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshamchukia. Namwita mdogo wangu kwa sababu mama yake na mama yangu ni ndugu, tumbo moja. Alikulia Shinyanga mjini. Baba yake ni mtu wa Tanga aliyekuja Maganzo kutafuta almasi, akapata na mke. Mimi nimekulia hapa hapa, na tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa kwenye karakana ya mjomba nikichomelea mageti, plau na matela ya ng'ombe. Zaidi ya vyote nilichomelea makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambazo huvunjika kila wiki bila kuona haya.

Mgodi mmoja mkubwa wa upande wa Geita ulikuwa umetangaza mafunzo ya uanagenzi. Miaka mitatu unasoma huku unafanya kazi, na ukimaliza una cheti na ajira. Wilaya yetu ilipewa nafasi moja tu ya uchomeleaji. Nilijaza fomu siku ile ile. Baadaye mama akaniambia, huku akichambua maharage kana kwamba ni habari ndogo, kwamba mtoto wa mama mdogo naye ameomba. Tena ni yeye mwenyewe aliyekwenda kwa mtendaji wa kijiji kumwombea barua ya ukazi.

"Kwao ni hapa tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tulipozaliwa mimi na mama yake," akasema mama. "Na balua nimeshatuma."

Tuliitwa usaili wote wawili, mimi na yeye, na ndiyo maana alikuja siku saba kabla, ili tujiandae pamoja. Wazo hilo lilikuwa la mama. Mama alijua kuwa mdogo wangu ana cheti cha chuo cha ufundi lakini mashine ameishika kwa zamu, wanafunzi arobaini kwa mashine mbili. Alijua pia kuwa mimi mashine nimeishika mpaka mikono imejaa madoa ya cheche, ila nikisimama mbele ya mtu mwenye tai naanza kutafuta maneno sakafuni. "Basi," akasema, "wewe mfundishe mkono, yeye akufundishe mdomo."

Ilikuwa mipango ya haki, na mimi sikuitaka.

Nitaeleza wivu wangu ulivyokuwa, maana sioni faida ya kuuficha sasa. Niliuonea wivu mfuko wake wa plastiki uliopanga vyeti kwa tarehe. Niliyaonea wivu mayai mawili aliyochemshiwa kila asubuhi, wakati mimi nawekewa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kama miaka yote. Alipokuwa akioga nilijaribu viatu vyake, vikanibana, nikavichukia na vyenyewe. Mjomba alipomwuliza habari za mjini alimjibu huku amemnyooshea mkono, bila kupiga goti kama tunavyofanya sisi kwa wakubwa, na mjomba, ambaye mimi angenigombeza mchana kutwa, akacheka akasema mtoto huyu amechangamka. Lakini kilichonichoma kuliko vyote kilikuwa herufi R.

Sisi Wasukuma R hatukupewa. Kwetu barabara ni balabala, ripoti ni lipoti, na wakati wa uchaguzi tunakwenda kupiga kula. Yeye alikuwa nayo, ya baba yake, safi, inazunguka mdomoni bila kazi. Mama alikaa akimsikiliza kwa raha. "Anaongea kama anasoma taalifa ya habali," akanisifia, na mimi nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kila jioni, kabla jua halijazama, tulikaa barazani akawa msaili na mimi msailiwa. Alikuwa mvumilivu. "Tueleze kuhusu wewe, dada. Usiangalie chini. Si lisiti, ni risiti. Tena." Nikasema tena. Ulimi ulichoka kuliko mgongo unavyochoka shambani. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimeipata R, lakini sikujua pa kuiacha. Nikaanza kuipanda kila mahali. Nilimwambia mama nakwenda kurara. Nilimwambia mjomba kuku wamekura mtama. Mdogo wangu alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikahesabu kicheko kile kuwa deni.

Mimi nilimlipa karakanani. Mchana nilimpa kioo cheusi na vijiti vya kuchomelea, nikamwonyesha jinsi ya kushika mkono usitetemeke, jinsi ya kuvuta taratibu, jinsi ya kusikiliza mlio unaofanana na wa mafuta yanayokaanga. Hayo yote nilimfundisha kweli, na alijifunza haraka, jambo ambalo nalo liliniudhi. Kitu kimoja nilikibakiza. Mashine ya kuchomelea ina swichi ya kuongeza na kupunguza moto. Chuma kinene kinataka moto mkubwa, bati linataka mdogo, na ukikosea, kijiti kinanata kwenye chuma au bati linatoboka. Kila siku, kabla hajashika mashine, niliuweka moto mimi mwenyewe. Nilijisogeza mbele yake kana kwamba napanga waya, nikazungusha swichi, nikampisha. Mshono wake ulitoka mzuri. Mjomba akamsifu. Yeye akadhani mashine ndivyo zilivyo.

Je, nilipanga? Siku ya kwanza hapana. Siku ya kwanza ilikuwa mazoea tu, kila mwanafunzi huwekewa moto. Siku ya pili aliniuliza, "Dada, hii swichi ni ya nini?" nikasema, "Hiyo iache, ni mbovu." Kuanzia hapo nilipanga.

Jioni ya mwisho aliniambia, "Kule usiseme kuchomelea. Kwenye fomu wameandika kulehemu. Tumia neno lao." Nilikuwa silijui. Nililibeba kitandani, na asubuhi ya safari nililirudia kimyakimya mpaka tulipofika Geita. Naweza kurehemu. Nimerehemu miaka mitatu. Nilikuwa nimejifunza kwamba palipo na L ndipo hasa pa kushtuka.

Tuliketi kwenye benchi la ukumbini tukingoja kuitwa. Nilikuwa bado nanong'ona. Mdogo wangu akageuka, akanisikiliza kidogo, akaniinamia sikioni. "Dada, lile neno ni kwa L. Kulehemu."

Nilimtazama. Wiki nzima ameniambia L ni kosa, leo mlangoni ananirudishia L? Nikaona kila kitu, au nilidhani nimeona. Niliiona ile swichi yangu upande wake. Nikajiambia, huyu ananifanyia ninachomfanyia. Wakaniita, nikaingia na R yangu.

Walikuwa watatu: mama mwenye miwani, kijana mwenye kompyuta, na mzee mmoja mkuu wa karakana mwenye vidole vyenye madoa kama vyangu. Nilipiga goti kidogo, shikamooni, wakaitikia. Mama akauliza ninaweza kufanya nini.

"Naweza kurehemu chuma cha aina yoyote," nikasema, macho juu.

"Kurehemu?"

"Ndiyo. Nimerehemu makarasha, mageti, hata matela ya ng'ombe. Likivunjika mimi narehemu."

Kijana alijificha nyuma ya kompyuta yake. Mama alivua miwani akaanza kuifuta. Mzee alicheka waziwazi, machozi yakamtoka, kisha akasema kwa upole, na sauti yake ikiwa nzito kama ya mjomba, "Binti, hapa tunalehemu. Kurehemu tumwachie Mungu. Haya, nenda karakanani tukaone."

Nilitoka masikio yanawaka. Alikuwa ameniambia kweli. Alikuwa ameniambia kweli mlangoni, siku ambayo kukaa kimya kungemfaa.

Baada ya mdogo wangu kutoka kwa wale watatu, tulipelekwa karakanani. Alianza yeye. Bamba lilikuwa nene, na mtu aliyetangulia alikuwa amechomelea bati, moto ukaachwa mdogo. Alivaa kioo, akashika mkono vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, akagusa. Kijiti kikanata. Akakivuta, akagusa tena, kikanata tena. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale na swichi niliiona ilivyoelekea. Aliinua kioo akanitazama, si kwa lawama, kwa kuuliza tu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Mara ya tatu mzee akamwambia inatosha, mwanangu.

Zamu yangu ilipofika nilizungusha swichi kwanza. Mshono ulikaa. Mzee aliupiga nyundo mara tatu, haukuachia. Alasiri wakasoma majina mlangoni, na la wilaya yetu lilikuwa langu.

Stendi tulinunua chai na chapati. Alinipongeza, akanikumbatia, tena kwa furaha ambayo niliitafuta kasoro na sikuipata. Halafu akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka.

"Mashine yao ilikuwa mbovu," akasema.

"Ilikuwa mbovu," nikasema.

"Lakini wewe umetumia hiyo hiyo."

Alikunja chapati, akaikunjua.

"Dada, kule kwa mjomba, moto alikuwa anaweka nani?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Hakuuliza tena. Njia nzima alitazama dirishani, na mimi nilingoja anitukane, maana tusi ningelijibu. Tulifika nyumbani mama ametoka mpaka barabarani, mikono ina unga. Aliposikia alipiga vigelegele, kisha akakumbuka kuna mwingine, akamshika mdogo wangu mabegani. "Na wewe je, mwanangu? Ilikuwaje? Dada yako hakukuonyesha?"

Mdogo wangu alinitazama. Ukweli wa ile swichi ulikuwa tayari nusu mdomoni mwake, na angeusema ningemwona amefanya haki.

"Alinionyesha kila kitu, mama mkubwa," akasema. "Ni mimi sikujiandaa vizuri."

Akaingia ndani kufunga begi. Mimi nilibaki uani na nafasi yangu, mama akicheza na kunishangilia, na nilimwonea wivu mdogo wangu kuliko siku zote saba.