Sauti ya Baba Kwenye Santuri

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka minane. Wengine walipata bendera. Mimi nilifiwa na baba, na shule ikaishia hapo. Mlio wa santuri kuvunjika nausikia hadi leo, kwa sababu wajukuu wangu wanapenda vipindi vya televisheni vya zamani. Humo mke na mume wakikosana lazima santuri ivunjwe, ka, halafu watu wasioonekana wanacheka. Wajukuu nao wanacheka, wananiuliza mimi bibi yao: "Kukhu, mbona wewe huchekangi?" Nawaambia wanywe chai.

Baba alikuwa mpiga gitaa hapa Mukumu. Alienda Nairobi mara moja, akarudi na koti jipya na santuri yenye sauti yake. Katika wimbo ule mume anarudi safari, anagonga ubao wa gitaa kama anayebisha hodi, anaimba: "Mama Mmbone, fungua, ni mimi." Mmbone ndiye mimi.

Baada ya mazishi baba mdogo alituletea gramafoni yake kila jioni, ati kutuliwaza. Majirani walijaa, wakatafuna mahindi ya kuchoma na kusifu vidole vya marehemu. Mimi nilikaa karibu na sindano, nanusa vumbi lililopata joto, na baba yuko. Lakini wimbo ukifika pale pa kubisha, mama aliinuka, akaondoa komeo, akachungulia giza. Kisha akarudi kuketi. Majirani wakaanza kumngojea ainuke. Wengine walicheka chinichini, na baba mdogo akawa anairudisha sindano nyuma ili ainuke tena.

Jioni moja mama hakwenda mlangoni. Aliinyakua santuri ikiwa bado inaimba, akaipiga kwenye jiwe la kusagia.

"Amekufa," akamwambia baba mdogo. "Nimfungulie mara ngapi?"

Niliokota vipande, nikavigandisha kwa ulimbo. Havikuimba. Nilimchukia mama mpaka nikaolewa.

Halafu mume wangu naye akafa. Alikuwa mtu wa baiskeli. Kengele yoyote ikilia barabarani, nilijikuta nimesimama, mkono uko kwenye komeo. Hapo ndipo nilipomwelewa mama, naye alishazikwa zamani.

Leo nina shamba, ng'ombe wawili wa maziwa, nyumba ya matofali niliyojenga kwa kuuza mitumba, televisheni, na mlango wa chuma. Nina vipande vya santuri ndani ya kopo la majani ya chai. Sauti ya baba sina. Jioni komeo nalifunga mwenyewe, na kuna siku bado naliondoa.