Maharagwe ya Dirishani

Kila alipomtuma mtu, Efrazia aliweka haragwe moja kwenye ukingo wa dirisha. Aliyetumwa akirudi, ilimpasa aje mwenyewe mpaka dirishani, aseme kazi imekwendaje, ndipo alitoe haragwe lake na kulitumbukiza koponi. Kama hajarudi, haragwe lilikaa palepale na dirisha halikufungwa. Na baridi ya Magamba, juu milimani Usambara, mwezi wa saba si baridi ya kufanyia mzaha.

Kijijini walimwita Mama Maharagwe, ingawa hakuwahi kuzaa. Mtoto pekee aliyemlea alikuwa Dorkasi, binti wa kaka yake, aliyekuja kukaa naye mwaka 1977. Ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Efrazia akarudi kutoka Nairobi na sanduku la bati, redio, na kopo la kahawa lisilo na kahawa. Kila mtu alijua kwamba huko, kwenye shirika la reli, alifanya kazi na kompyuta. Kompyuta ni kitu gani, hakuna aliyejua, na kwa adabu hakuna aliyeuliza. Hassani, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa, alimpa ukatibu kwa sababu moja tu: alipiga chapa bila kutazama vidole.

Msimu wa kwanza wa mbegu za viazi, Dorkasi alisimama mlangoni pa ofisi akimsikiliza shangazi yake akituma watu watatu kutafuta gari la kuzibeba.

"Wewe wa Mombo, chukua barua yenye muhuri. Wale bila muhuri hawakujui, hata uwe ndugu yao. Wewe wa Mazinde, shamba la mkonge, fika kwa karani kabla ya saa nne, baada ya hapo hayupo. Rajabu, wewe Shume kwenye mbao. Huko barua haina kazi, hawaisomi. Mtafute mnyapara, msalimie, muulize habari za nyumbani, halafu ndipo useme shida yako."

"Na nikishindwa?" Rajabu aliuliza. Alikuwa mtu mzima, fundi wa milango, mwenye maneno mengi.

"Rudi useme umeshindwa. Hiyo nayo ni habari."

Akapanga maharagwe matatu. Hassani akacheka mpaka kofia yake ya kufuma ikalala upande.

"Dada Efrazia, sisi tunatuma watu au tunapanda?"

"Kutuma ni kazi yangu, mwenyekiti. Kupanda ni yako, na sijaona jembe lako likilowa tope."

Waliokuwepo waliangua kicheko, na Rajabu akamwambia Hassani, "Hapo umepatikana, mgosi," akaondoka mbio.

Siku moja mchana, wakichambua maharagwe uani, Dorkasi ndiye aliyethubutu kuuliza maana ya yale ya dirishani. Alikuwa na miaka kumi na saba wakati huo. Efrazia alijibu bila kuinua macho.

"Nairobi kulikuwa na mashine mbili kubwa, kila moja ingejaza ofisi yetu. Zilitoka kwa waundaji wawili tofauti, na kila moja ilikuwa na msimamizi wake ndani. Si mtu; ni programu inayogawa nafasi, inayogawa kanda za sumaku za kuwekea kumbukumbu, inayosema nani ataanza na nani angoje. Sasa, kazi kubwa huifanyi kwa mkupuo mmoja. Unaandika kazi mama, naye anawatoa mabinti. Wewe hesabu mabehewa ya njia ya Tanga, wewe ya Moshi, wewe ya Kigoma. Tulikuwa tunasema hivyohivyo, mama na binti."

"Na hao wasimamizi wawili?"

"Kila mmoja na desturi yake. Hata neno la kumwanzisha binti ni tofauti, kama Mombo na Shume. Lakini tofauti kubwa ilikuwa hii: kwa yule wa kwanza, mama akiondoka kabla ya mabinti, mabinti wanakatwa hapohapo. Karatasi inatoka imejaa makosa, kelele, kila mtu anajua. Kwa yule wa pili, mama akiondoka, mabinti wanaendelea wenyewe. Wameshika kanda ambayo mwingine anaihitaji, wakimaliza hawana wa kumwambia. Kimya."

"Ipi mbaya zaidi?"

"Ya kimya."

Akapuliza makapi. Kisha akamsimulia lililokuwa limemkaa moyoni tangu 1973. Alikuwa ameihamisha kazi ya mabehewa kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili. Alibadilisha kadi zote za kuanzishia, zile za matundu zinazoiamrisha mashine, moja moja, kwa uangalifu. Akaisahau kadi ya kungoja, ile inayomwambia mama asiondoke kabla ya mabinti. Mama akawaanzisha mabinti, akaandika "imekamilika", akaondoka. Binti wa Tanga hakuwa amehesabu behewa hata moja. Alikuwa amekwama akingoja kanda. Orodha ikatoka na takwimu za juma lililopita, ikisema mabehewa matupu yapo Mombo.

Wiki tatu baadaye ilifika barua ya baba yake. Mvua nzuri, ng'ombe amezaa, kabichi za watu wa huku zimeoza zote stesheni Mombo, tuliambiwa mabehewa yapo, hatukuyaona.

"Hakuna aliyejua ni mimi," Efrazia alisema. "Nikaomba likizo, nikapanda basi, nikaja kumwambia."

"Babu alisemaje?"

"Aliniuliza nimekula." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Tangu siku hiyo simwanzishi mtu nisiyeweza kumngoja."

Dorkasi aliyapenda maelezo yale kama wengine wanavyopenda hadithi. Alianza kuuliza habari za kadi na kanda kila jioni, na shangazi yake akaandika barua kwa watu aliowajua zamani, mpaka mwaka 1980 ikapatikana nafasi ya kozi ya miaka miwili huko Dar es Salaam. Siku ya kuondoka, Efrazia alichagua haragwe kubwa, jekundu lenye madoa meupe, akaliweka pembeni kabisa ya ukingo ambapo mkono wa mtu hautalisukuma.

"Ukishindwa utafanya nini?"

"Sitashindwa, Shangazi."

"Hilo sikuuliza."

"Nitarudi nikwambie."

"Haya. Nenda na Mungu."

Mwaka wa kwanza alipita. Wa pili hesabu zilimlemea, akarudia mtihani, akaanguka tena, akaambiwa basi. Alikaa kitandani kwa rafiki yake siku nne. Hakuogopa kugombezwa, shangazi yake hakuwa mgomvi. Aliogopa uso wake, jinsi utakavyotulia. Akaomba chuo cha ualimu Korogwe, akapata, na kutoka huko akaandika nyumbani: "Sijambo, masomo yanaendelea." Hakuna neno la uongo humo, na hilo ndilo lililomuuma. Asubuhi zisizo na ukungu milima ya kwao ilionekana kutoka bwenini, karibu mno. Likizo zikaja akazipitisha kwa wenzake. Alipomaliza alipangiwa shule ya msingi upande wa Handeni, akaenda, akafundisha, akaendelea kuandika sentensi ileile. Huko Magamba alijibiwa kwa barua fupi zilizoishia daima namna moja: "Dirisha ni lako."

Mwaka 1984 alikuwa stendi ya Mombo akitafuta gari la chaki na madaftari, mtu akamshika bega. Rajabu, mvi kichwani, msumeno kwapani.

"Mwalimu! Nasikia siku hizi ni mwalimu. Mimi sijamwambia mtu, usinitazame hivyo."

"Shikamoo, Baba Rajabu. Shangazi hajambo?"

"Marahaba. Haragwe lako lipo. Panya alilichukua mwaka juzi, shangazi yako akamchimbua mpaka shimoni, na mimi nikishika taa mchana kweupe kama mwehu."

Dorkasi alicheka, lakini Rajabu hakucheka naye.

"Anakohoa, mwanangu. Daktari amesema kifua, alale pakavu, pasipo upepo. Nimekwenda mara mbili na nyundo nikafunge lile dirisha. Mara zote mbili amenifukuza. Anasema bado mmoja."

Chaki zilibaki Mombo. Dorkasi alipanda gari la kwanza la Soni, akabadilisha Lushoto, na njia iliyobaki akaipanda kwa miguu.

Alimkuta Efrazia kitini, blanketi mabegani, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Ukungu uliingia ndani kama mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

Dorkasi alikwenda mpaka dirishani, kama ilivyompasa, na hapo, mgongo ukiwa umemgeukia mzee, akasema. "Nilishindwa. Hesabu. Mwaka wa pili. Miaka miwili na zaidi sasa, na niliogopa kuja."

"Hesabu gani?"

Akamtajia.

"Ah. Ile." Efrazia alikohoa kwa muda mrefu. "Muhuri wa barua zako nimeusoma. Na hao watoto wa Handeni, wanakuelewa?"

"Wengine."

"Basi toa haragwe lako, tufunge. Naganda."

Lilikuwa limeacha alama nyeupe kwenye rangi ya mbao. Dorkasi alilitumbukiza koponi, akavuta dirisha, halikuja. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu likiwa wazi. Ilibidi shangazi ainuke, wavute wote wawili, wakicheka na kulia, mpaka mbao zikagongana na chumba kikawa kimya na joto kidogo.

Alikaa siku tatu. Alipika, alifua, alimsomea Zaburi. Siku ya nne shule ilimwita.

Masika yaliyofuata, kabla ya likizo, Efrazia alizikwa karibu na baba yake, na waliobeba jeneza walikuwa watu ambao kila mmoja alishawahi kusimama dirishani pake. Lakini asubuhi ile ya kuagana, Dorkasi alipogeuka njiani, alimwona amesimama ndani ya dirisha, mkono ukihangaika ukingoni.

"Nimekuwekea jingine," alimwambia kwa sauti iliyokwaruza. "Ila dirisha nafunga. Ukirudi, bisha hodi."