Bakuli la mama Goreti: chombo kwa mama yangu kilikuwa nini

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo habari za mihangaiko. Haya niliyaona kwa macho yangu, sina chumvi ya kuongeza.

Juzi humu mlibishana neno "chombo". Mmoja kasema sufuria, mwingine gari, mwingine redio. Wote mko sawa.

Ila kwa mama yangu kilikuwa kitu kizito zaidi.

Tuliishi Mutakura, Bujumbura. Sisi Waislamu, jirani yetu mama Goreti Mkristo. Alikuwa na bakuli la bati lenye maua ya bluu. Akituletea maharage, mama analirudisha na sambusa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hiyo ndiyo sheria.

Vita vikafika mtaani. Asubuhi moja risasi, kila mtu mbio. Mama akaacha cherehani, akabeba bakuli la watu! Baba alifoka:

"We mama, unaacha mashini, unabeba sahani ya wenyewe?"

"Iyi haiko ya kwangu."

Tukahamia Buyenzi kwa shangazi. Huko tukasikia mume wa mama Goreti aliuawa siku ile, yeye yuko Kinanira, na anasema sisi tulijua wauaji wanakuja tukanyamaza.

Hatukujua, wakuu. Lakini miaka ile nani angekuamini?

Mama alikonda. Bakuli lilikaa kabatini, hakuna kuligusa, hata Idi.

Barabara zilipotulia kidogo, akapika pilau, akalijaza, akalifunga na kitenge. Tukavuka mji mimi na yeye. Kila kizuizi cha askari nilijibanza kwa mama, nisiwafiche.

Mama Goreti alifungua mlango. Salamu hakutoa.

"Mama Goreti, chombo yako iyi. Wallahi, sikujua kitu."

Alilitazama bakuli mpaka nikaogopa. Akalichukua, akafunga mlango.

Njiani mama alisema neno moja tu: "Nimerudisha."

Wiki mbili zikapita. Mchana mmoja, hodi. Mama Goreti huyo, peke yake, kavuka mji uleule! Bakuli mkononi, limejaa maharage na ndizi.

"Chombo hairudi tupu," akasema, akaketi.

Kuhusu siku ile ya risasi hawakuongea. Walikula.

Siku ya tatu bakuli likaenda Kinanira na sambusa.

Nilichojifunza: ukikaa na chombo cha jirani, bado hamjamalizana.

Karibuni mchangie. Kabatini kwenu kuna chombo cha nani?