Ushauri wa Hispania kwa Dada Asiyesikia

Mtu yeyote wa kanisani kwetu akikata tiketi ya kwenda Hispania, lazima anipigie simu. Kabla ya kuhamia Brussels niliishi kule miaka mingi, nikimtunza bibi mmoja mzee katika nyumba yenye giza huko Sevilla, na hilo limetosha kunigeuza ubalozi. Wananiuliza wavae nini, wale wapi, wasalimie vipi. Nawaeleza yote. Wanaitikia, "Oui maman, asante maman," halafu wanakwenda kufanya vilevile walivyokuwa wamepanga. Wakirudi wananinunia, kana kwamba jua la mwezi wa nane nililiwasha mimi.

Kuna tonton mmoja, mzee wa hapo kanisani, nilimwambia asitoke kutafuta duka saa tisa mchana. Maduka yanafungwa, nilimwambia, watu wamo ndani wamefunga madirisha. Akatoka, tena na suti yake ya Jumapili, akarudi Brussels akitangaza kwamba Hispania haina watu. Kuna maman mwingine alikwenda kukaa mgahawani saa kumi na mbili jioni, akangoja kuhudumiwa mpaka akaona anabaguliwa. Nilikuwa nimemwambia kwamba saa hiyo kule hata jiko halijawashwa, chakula cha jioni ni saa nne usiku. Nimechoka kumpigia mbuzi gitaa.

Lakini hao wote wana nafuu ukiwaweka kando ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaishi Molenbeek, hapa hapa Brussels, karibu na mfereji. Alikuja Ulaya akiwa mtu mzima, na Lubumbashi yake alikuja nayo nzima. Ana binti mmoja, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu pia, na huniita mama mdogo. Alikaa kwangu Auderghem tangu sekondari, wakati mama yake bado yuko nyumbani Kongo anangojea makaratasi. Baba yake alishafariki. Sasa binti huyu amepata mchumba, kijana wa Kihispania aliyekutana naye kazini, mpole, mrefu, anayeosha vyombo bila kuombwa. Wazazi wa kijana wanaishi katika mji mdogo wa mkoa wa Extremadura, Hispania. Mara mbili walimwalika dada yangu aende kukaa nao kidogo wafahamiane, na mara mbili dada yangu akapata kisingizio. Mara goti, mara kwaya.

Mwaliko wa tatu ulipofika, binti alikuja kwangu akiwa na macho mekundu. Mama yake kijana alikuwa ameanza kusema kwamba huyu mama wa Brussels hawataki.

"Mama mudogo," akaniambia, "papa hatakuwa ku mariage. Mama naye akikosana na bale bantu, nitaingia na nani kanisani? Umuambie. Weye njo anakusikia."

Ananisikia! Nilitaka kucheka. Lakini niliona jinsi alivyoshika kile kikombe kwa mikono miwili, nikaahidi kwamba mama yake atakwenda, na kwamba atakwenda ameiva.

Nikamwita dada Jumapili baada ya ibada. Nilipika sombe, kisamvu chetu, na samaki ili nimlainishe kwanza. Aliposhiba nikaanza darasa.

"Bon," nikamwambia, "mkate wao wanauweka mezani hivihivi, juu ya kitambaa, usishangae. Wakizungumza wote kwa pamoja kwa sauti kubwa, si ugomvi. Mkimaliza kula, usinyanyuke kukusanya sahani. Wanabaki pale pale wanapiga soga hata saa mbili nzima, na anayeondoka mapema anaonekana amechukia. Na kusalimia ni shavu na shavu, mara mbili, kila mtu."

"Kila muntu?"

"Kila mtu."

"Na mukwe?"

"Na mkwe, dada."

Akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Mi niweke shavu yangu kwa mukwe yangu? Weye uko na akili kweli?"

Hapo lazima nieleze, maana hata vijana wetu wa hapa hawajui tena. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaogopana, na woga huo ndio heshima yenyewe. Hawagusani. Hawaangaliani usoni. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, maana kinywa kinachotafuna mbele ya kijana kimemvunjia heshima. Hali hiyo inaendelea mpaka upande wa kijana ulete kuku wa kutoa haya, kuku mzima, aliye hai, akabidhiwe mama mkwe mkononi. Wengine hutoa mbuzi, kwetu ni kuku. Baada ya hapo, wakae meza moja wale wanavyotaka.

Mimi nilikuwa nimeyaweka hayo yote kando. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, na mimi yangu niliyavunja yote mawili nikiwa Sevilla. Kwa desturi mimi pia ni mama mkwe wa kijana huyu. Lakini siku ya kwanza alipoingia kwangu nilimpa mashavu yote mawili, nikala naye, na sikuvimba tumbo. Nikamwambia dada hivyo.

"Ni vile," akasema, akifuta mdomo wake polepole. "Weye Bazungu balikumaliza zamani."

Iliniuma. Nilirudi kwenye mambo ya safari. Nikamwambia achukue nguo nyepesi, akachukua vitenge vizito na koti. Nikamwambia asibebe chakula, kwa kuwa mwenyeji wake atapika mpaka achoke. Akapita Matongé, kwenye maduka ya Wakongo, akanunua unga wa bukari, ugali wetu, dagaa wa kapenta na pilipili ya chupa, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Asubuhi ya safari nilimwona kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege wa Charleroi amejifunga kilemba, ameshikilia begi lililonuka samaki wakavu, ameketi wima kama anakwenda kusomewa hukumu. Binti na mchumba wake walikaa kiti cha nyuma, mbali naye, na kijana alikuwa ananipungia mkono kwa furaha, maskini, hajui kinachokuja.

Simu ya kwanza ilinikuta kazini Uccle, katika nyumba ya wazee, nikimvisha soksi mzee mmoja anayechukia soksi.

"Mama mudogo, mama anakatala kuya ku meza. Anasema tumbo inamuuma."

"Inamuuma kweli?"

"Anakulaka mu chambre! Nimeona sahani. Amemaliza yote!"

Nikasema labda ni uchovu wa njia. Siku iliyofuata mwenyeji akadhani chakula hakikumpendeza, akampikia wali. Sahani ikaingia chumbani, ikatoka tupu. Akapika kuku. Vilevile. Akatoa kitambaa cha mezani kizuri alichorithi kwa mama yake, akakitandaza, akaweka maua, na dada yangu akapita pembeni ya meza ile ameinamisha kichwa, akajifungia. Simu ya tatu binti alikuwa ananong'ona kutoka bafuni.

"Madame analia mu cuisine. Anasema mama anabaona bachafu. Bwana yake naye amekasirika, anauliza juu ya nini alikuya. Mama mudogo, ni fini. Mariage ni fini."

Nilikuwa kwenye tramu kutoka kazini. Nilimpigia dada yangu palepale, na tramu nzima ikanisikia. Nilimwambia anamuua mtoto. Nilimwambia anakaa katika nyumba ya watu, anakula chakula cha watu, anawafungia watu mlango. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Bibi mmoja wa Kibelgiji aliyekaa mbele yangu akahamia kiti kingine na mbwa wake.

Dada aliningoja nimalize. "Siwezi kula mbele ya mukwe," akasema. "Hata ukilia, hata balie bote."

"Basi waambie! Sema ni heshima!"

"Nibaambie na luga gani?"

"Una binti hapo anajua lugha zao zote!"

Sauti yake ikashuka. "Muzazi hasemake mambo ya bukwe na mutoto yake. Unajua. Donc nifanye nini? Mi niko mu chambre hapa kama muntu ya prison. Ni joto. Nasikia banacheka, nasikia mutoto yangu anacheka nabo, halafu nikipita banakata. Unazania napenda?"

Na kweli nilijua. Mambo ya ukwe hayasemwi na mama, wala hayasemwi na binti. Yanasemwa na mtu wa tatu, ndugu wa mama, aliyetumwa. Dada yangu alikuwa amekaa katika chumba kile siku zote hizo akingoja mjumbe, na mjumbe ni mimi, niliyekuwa nimempa saa za chakula na namna ya kukaa na mkate. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na sikujua namkasirikia nani.

Nikashuka kituo ambacho si changu. Nikasimama kando ya ua wa nyumba ya mtu, nikampigia binti na kumwambia ampe simu mama mwenye nyumba.

Kihispania changu nilikijua cha dawa, cha soko, cha kuosha mgongo wa mzee. Kueleza ukwe wa Lubumbashi kwa Kihispania sikuwahi kujaribu, maana miaka yote ile hakuna aliyeniuliza kwetu tunaishije, nami sikumwambia mtu. Nilianza vibaya. Nikarudi nyuma nikaanza tena. Nikamwambia mama yule kwamba dada yangu hajamdharau mtu, kwamba anakula chumbani kwa sababu mkwe ni mtu mkubwa kwake, na kwamba akitafuna mbele yake leo, kesho hatakuwa mkwe, atakuwa kijana yeyote tu wa barabarani.

Kwa mbali nikasikia sahani zinagongana.

"Kwa hiyo anamheshimu mwanangu?" akauliza.

"Sana, mama."

"Na mambo haya huishaje? Au hayaishi?"

Nikamwambia habari ya kuku.

"Kuku mzima? Anayetembea?"

"Anayetembea."

Basi hapo ndipo alipofoka, na nilimwelewa kabisa. "Siku zote hizi nalia jikoni kwa ajili ya kuku? Mume wangu hajalala! Nimekwenda kutoa kitambaa cha marehemu mama! Nyinyi watu hamna mdomo?" Akamwita mumewe kwa sauti iliyonifanya niondoe simu sikioni.

Binti alinisimulia baadaye kilichotokea jioni ile. Kijana aliposikia, alichukua sahani yake bila neno, akaenda kula amesimama jikoni karibu na friji, ili mama mkwe wake akae mezani na wengine. Baba yake akasema mwanaume hali peke yake kama mwizi, akachukua glasi yake na kumfuata. Dada yangu akatoka chumbani na kilemba chake, akakaa mezani penye kile kitambaa kizuri, akala, akaongezewa, akala tena. Walipomaliza akabaki ameketi kama nilivyomfundisha. Hilo moja alilisikia.

Kesho yake, nikiwa nyumbani nachemsha maji, dada akanipigia mwenyewe. Nilisikia kelele za ua, watu wengi wakisema kwa pamoja, na kuku.

"Balileta," akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Mukwe alipiga magoti, hakuna muntu alimufundisha. Alinipatia mu mikono. Sasa tunakula bote."

"Asante Mungu," nikasema. "Na hizo kelele? Kuku mmoja anapiga kelele hivyo?"

"Ni mbili."

"Mbili za nini? Nilimwambia mmoja!"

"Ule mama aliuliza mutoto wetu iko na bamama bangapi."

Nikazima jiko. "Naye akasemaje?"

"Akasema babili. Ya kwako iko hapa, tumeifunga mugulu. Ngoja, mukwe anataka kukusemesha."

Simu ikapita mkono kwa mkono, nikasikia pumzi ya yule kijana, kisha sauti yake. Hakuniita kwa jina kama alivyozoea. Aliniita mama, na akaniuliza nitakwenda lini kumchukua kuku wangu, kwa sababu mpaka siku hiyo hataweza tena kula pamoja nami.

Kila neno la kumjibu nililijua kwa Kihispania. Nikainamisha macho, peke yangu jikoni kwangu Auderghem, nikaona haya kusema na mkwe wangu.