Mpishi wa Buluu na Kijani

Idris wa Fuma, kisiwa kilicho karibu na Kismayu, alikuwa mpishi kwenye meli ya uvuvi ya Wataiwani, na ukweli usemwe, kupika hakujua. Alijua kukubali. Kismayu ya vita ilimfundisha: watu wa bunduki wakikuuliza wewe wa ukoo gani, unajibu "wenu." Wakija wengine mchana, unajibu "wenu" tena. Idris alijibu vizuri mpaka upande wa kwanza ukachukua mashua yake, wa pili ukachukua nyavu. Hakuuawa. Kwake huo ni ushindi.

Akakimbilia Mombasa kutafuta riziki, akapata meli. Mkewe Kaltuma na mamake, Bi Zaituni, wakabaki Fuma bila chombo cha kuvukia, na watu wa bunduki walishaanza kuzungukia visiwa. Desemba ya tisini na mbili meli ikawa inavua karibu na huko. Idris alitaka kitu kimoja tu: isimame Fuma, iwachukue wale wawili.

Shida, bwana, ni siasa. Nahodha, ambaye babake alitoka China bara, alikuwa wa chama tawala cha bendera ya buluu. Kwake Taiwan ni China, mjadala umefungwa. Fundi mkuu wa mashine alikuwa wa wapinzani wa kijani. Kwake Taiwan ni Taiwan, na mjadala hata haujaanza. Kwao kulipigwa kura za bunge. Redio ikasema buluu wamepata viti vingi zaidi, kijani wameongeza vyao sana. Basi wote wakashinda, na hujawahi kuona washindi wakinuniana vile. Nahodha akitaka mwendo upungue, anamtuma mpishi kwa fundi. Fundi akitaka kujibu, anamtuma mpishi yuleyule. Idris akawa simu ya meli.

Mwenye akili angetulia. Idris akatumia akili ya Kismayu.

"Kapteni, Taiwan ni China, wallahi. Tusimame Fuma kidogo, nichukue mama na mke."

"Wewe mzuri," nahodha akasema kwa Kiswahili chake cha bandarini. "Ambia fundi, kesho simama."

Akateremka kwenye mashine. "Fundi wangu, China iko wapi? Mimi sijaiona. Kesho tusimame Fuma."

"Wewe rafiki," fundi akasema.

Ingeishia hapo. Ila Kismayu waliogombana hawali pamoja, na Idris akadhani ni hivyo dunia nzima. Hawa walinuniana kutwa, chakula kikiiva wanakaa meza moja.

"Hata mpishi kijani," fundi akaliambia bakuli lake.

"Mpishi buluu," nahodha akaliambia lake.

Wakageuka wote wawili. "Idris. Wewe nani?"

Akatazama uso huu, akatazama ule. Hakuna bunduki ya kumwongoza.

"Mimi," akasema, "wenu."

"Wenu nani?"

"Wote."

Nahodha akasema kitu kwa lugha yao. Fundi akaongeza neno. Wakatikisa vichwa pamoja.

"Mwongo," nahodha akamtafsiria.

"Mwongo sana," fundi akaunga mkono hoja.

Asubuhi meli ikasimama Fuma, nahodha na fundi wakipigiana kelele wenyewe kwa wenyewe, bila mpishi. Wakateremsha kimashua chakavu cha akiba chenye mashine inayokohoa na dumu la mafuta, wakamtia Idris ndani.

"Usirudi," wakasema, buluu na kijani kwa sauti moja.

Akaondoka moyo umekufa. Meli ndiyo ilikuwa njia ya kuwatoa watu wake, na sasa inampa mgongo. Alipofika katikati ya njia ndipo akaangalia alichokalia.

Kaltuma alimngoja maji ya magotini. "Meli iko wapi?"

"Imenifukuza."

"Na hii?"

"Wamenifukuza nayo."

Kaltuma akageuka. Akakimbilia virago.

Bi Zaituni akashikwa mkono, akapanda, akakaa, akakagua mbao, akauliza kwa lahaja ya kisiwani. "Mwanangu, hao waliokupa ni wachu wa wapi?"

"Mama, wenyewe bado wanalipigia kura."

"Eh," akasema Bi Zaituni. "Basi washa twende Kiunga, ng'ambo ya mpaka, kabla hawajamaliza kuhesabu."