Pipa Lililonyamaza

Fundi bomba alijua kuna jambo kabla hajavua viatu. Nyumba ilikuwa imepungukiwa sauti. Tangu apike bia ile, kizibo chenye maji juu ya pipa kilikuwa kikitoa mapovu mchana na usiku, blup, blup, na yeye alikuwa ameshazoea kulala nayo kama mtu anayelala na mvua. Sasa kimya.

Bia ilikuwa ya mumewe. Jumamosi ya wiki iliyofuata angeagwa kiwandani, baada ya kuchapa magazeti ujana wake wote, na tayari alikwisha kujitapa kwa wenzake: "Msije na chupa. Mke wangu anapika mwenyewe."

Pipa hakulikuta jikoni alikoliacha. Lilikuwa bafuni, juu ya vigae, limevishwa taulo bichi.

"Nani kalileta huku?"

"Mimi," mume alijibu kutoka sebuleni. "Jikoni joto. Na bia si hunywewa baridi?"

Dada wa mume, aliyekuwa akipaka rangi kucha, alicheka mpaka kibrashi kikamteleza. "Kaka kaiua. Itie sukari, wifi, itashtuka."

"Sukari imejaa humo, wifi yangu. Mtu kalala, wewe unamwongezea sahani?"

"Basi itie kwenye chupa hivyo hivyo."

"Ikiamkia ndani ya chupa, tutaokota vioo mpaka darini."

Hakukimbilia kulaumu. Alifanya anavyofanya kwenye bomba la gesi: akapaka povu la sabuni kuzunguka kifuniko, akakibonyeza, akatazama. Povu halikuvimba popote. Hewa haikuwa ikitoroka. Akachota kidogo, akaonja. Tamu kama chai ya watoto. Basi hamira ilikuwa imeacha kazi njiani, na aliyeisimamisha ni baridi.

Walilirudisha pipa jikoni, wakalifunga blanketi, akalitikisa polepole bila kulifungua. Kulipokucha, bado kimya. Wifi akataja duka la vinywaji.

"Usipige simu," fundi alisema.

Alikoroga hamira mpya katika kikombe cha maji vuguvugu na sukari, akangoja ipande povu. Kisha akaionjesha bia ile kijiko kwa kijiko, isije ikashtuka kwa ugeni, ndipo akaimimina pipani.

Mume alivuta kigoda, akakaa karibu, kiganja juu ya blanketi. Siku hizo alikuwa akikaa hivyo mahali popote, akiangalia mikono yake kama vyombo vya kuazima.

"Imekufa?"

"Imelala. Ilipigwa baridi, ikadhani kazi imekwisha."

Hakuondoka. Mchana ulipokuwa ukielekea jioni alimwita mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Kizibo kilikuwa kimetoa povu moja. Wakangoja. Likatoka la pili.

Jumamosi ya kuagwa utamu ulikuwa umekwisha, ila muda wa kuikalisha kwenye chupa ipate gesi haukubaki. Fundi akaamua itolewe pipani kwa jagi, baridi, bila gesi. Wenzake wa kiwandani walipoketi, wifi alichungulia glasi yake.

"Haina povu."

"Ina bia," mume alisema, akalichukua jagi mkononi mwa mkewe, akaanza kuwamiminia wageni mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza jinsi hamira inavyoamshwa.