Mutu Mwenye Aliinua Jipu Yangu ku Mulima wa Fizi

Hapa Baraka bananijua: mi ni mutu wa kuongeza chumvi. Nikivua samaki ya kuhe ya kutosha sahani moja, mpaka nifike soko imeshakuwa kubwa kama mutumbwi. Sikatai. Lakini hii ya leo usiitie mu kapu moja na zile zingine. Hii niliiona na haya macho, muchana, jua katikati ya kichwa, na ku tumbo sikuwa na kitu isipokuwa chai. Nikikudanganya, hii gari yangu ya jipu inilalie siku niko chini yake. Na we mwenye haunijui, ngoja kwanza uijue ile jipu, utaona kama hicho kiapo si cha kucheza.

Ilitoka kwa mufanyabiashara mumoja wa dhahabu kule Misisi. Jipu ya bakubwa, nyeusi, viti vya ngozi, ndani inanukia kama bureau ya minisitre. Wakati ilikuwa mupya ilikuwa inajiinua yenyewe na hewa: unabonyeza kidude, inapanda pole pole kama mama anasimama na beseni ku kichwa. Wakati ilifika kwangu, hewa ilishakwisha. Kila asubuhi tunaikuta imelala tumbo chini, kama ng'ombe ya Minembwe yenye imekataa safari. Na mataa ya tablo, zile za mbele ya shofere! Nyekundu, njano, yote inawaka pamoja, ungesema sikukuu.

Bamekanisiye ba Baraka bakakuja kuiangalia. Mumoja akafungua boneti, akaangalia, akaifunga pole pole, akavua kofia kama mutu iko ku kilio.

"Papa, hii iko na kompyuta. Mi niko na nyundo."

Basi nikasema: nitaitengeneza mi mwenyewe. Mi, mwenye masomo yake iliishia ku mulango wa école, tena upande wa inje!

Unafikiri ni kiburi? Ilikuwa juu ya Furaha. Furaha ni binti yangu wa kwanza, na ile Jumamosi alikuwa anaolewa kule juu, Fizi-centre. Nilimuahidia mbele ya batu: haupandi ule mulima ku pikipiki, ufike kwa bakwe, bazazi ba bwana yako, nguo nyeupe imekuwa rangi ya njia. Utapanda mu jipu ya baba yako, dirisha imefungwa, unapungia batu mukono. Mutoto alifurahi mpaka akalia. Sasa ukishamuahidia mutoto vile, utarudisha maneno mu mudomo namna gani?

Shemeji yangu Alimasi, kaka ya bibi yangu, anapelekaka batu na pikipiki kati ya Baraka na Misisi. Aliposikia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, mi napangusa pikipiki yangu. Jumamosi utaniita."

"Sikuiti."

"Utaniita na kupiga magoti!"

"Mwenye kupiga magoti hapa ni jipu. Mi hapana."

Nikaingia kazi. Nililala chini ya ile jipu mpaka kuku zikazoea kutaga kando ya miguu yangu. Mipira yote ya hewa nikaitoa, nikatia resori, zile chuma za kujizungusha kama nyoka, za pickup moja ya zamani yenye ilikufa kando ya ziwa. Tanki inavuja? Nikaziba na sabuni ya kufulia, bibi akaitafuta siku nzima. Radiyatere inatoboka? Nikatia ndani unga wa muhogo, ikashiba, ikanyamaza. Na ile mataa ya tablo, nikabandika plasta ya kidonda juu yake. Niamini, magonjwa yote ikapona pale pale!

Alhamisi nikasema: leo naijaribu, mi peke yangu, mpaka Fizi na kurudi. Ikiniangusha, iniangushe mi, isimuangushe Furaha.

Nikavuka daraja ya Mutambala, jipu inaimba. Nikaanza mulima, inapanda. Nikaanza kutafuta ile maneno nitamuambia Alimasi. Halafu pale juu, ku viraje, ile kona yenye iko na bonde upande wa kushoto, nikasikia *kwaa!* Resori ya nyuma imeruka inje ya kiti chake. Jipu ikainama upande moja kama mulevi.

Sasa unajua desturi ya bashofere ba kwetu. Gari ikikufia njiani unakata matawi, unatupa mbele na nyuma, batu bajue. Halafu unatafuta mawe makubwa, unatia nyuma ya magurudumu, gari isirudi. Nikafanya vile. Na ukimaliza kutengeneza? Unawasha, unakwenda. Mawe inabaki pale pale mu njia. Nani anashuka tena? Gari ya kwetu ikishawaka, ukishuka inazimika! Kila mutu anafanya vile, tangu njia iko njia.

Nikafungua nyuma nitafute kriki ya kuinua gari. Hakuna. Nikatoa karpeti, nikatoa gurudumu ya akiba, nikainama mpaka kichwa ikapotea ndani. Hakuna! Nikaitukana ile kriki, nikamutukana mwenye aliitengeneza, nikataka kuanza baba yake, njo nikasikia sauti nyuma yangu:

"Papa, ingia chini. Mi nainua."

Nikageuka. Ni kijana, amevaa jaketi ya vumbi, kiatu mu guu moja, na ku kichwa kaske ya pikipiki, nyekundu, kioo imefungwa mpaka kidevu. Mu lile jua! Pikipiki yake sikuiona, nikasema labda ameiacha mu kivuli. Nikajua yeye iko na kriki yake. Nani anauliza, wakati msaada umekuja?

Nikaingia chini. Jipu ikapanda pole pole, sawa sawa, hata sauti hakuna. Nikasema mu moyo: hii kriki ni ya kizungu kabisa. Nikaanza kupigana na ile resori, nasukuma na miguu, navuta na meno karibu. Na tunapiga stori.

"Haraka ya nini, Papa?"

"Jumamosi naolesha binti. Anapanda mu hii."

"Mu hii?" Akacheka. Kicheko kilitoka mu kaske kama kinatoka mu mutungi. "Bakwe balikufanya nini?"

Na mi nikacheka. Nikamuambia: "Kunywa maji, iko mbele ku kiti. Vua hiyo kaske, utaiva!"

Akasema: "Nikiivua, Papa, ya ndani haitarudi vizuri."

Nikafikiri ni mambo ya vijana. Nywele, si unajua?

Resori ikaingia. Nikaifunga na waya, nikaikaza mpaka mwisho. Nikauliza: nitakupa nini, kijana? Akasema: "Sitaki kitu. Ukienda, toa mawe yako tu." Nikasema sawa, sawa, vile tunasemaka. Nikajikokota, nikatokea upande wa nyuma, nikainua macho.

Kriki haikuwepo.

Kijana alikuwa amesimama, amekamata parshoki, ile bampa ya nyuma ya jipu, na mukono moja. Moja! Kama we unakamata kikombe. Ule mukono mwingine alikuwa anafukuza nzi. Jipu yote ya bakubwa, na viti vyake vya ngozi, na unga wangu wa muhogo, iko mu hewa. Akaniangalia, akaishusha pole pole, kama mama analaza mutoto.

Miguu yangu haikuniomba ruhusa. Nikajikuta ndani, ufunguo, mafuta, twende! Nikaangalia ku kioo: hanifukuzi. Amesimama tu kando ya mawe yangu, mikono chini, kama mutu mwenye alishazoea.

Sikuvuka viraje. Jipu ikashuka. Sio resori imeruka, hapana. Zote ine, pamoja, *pssss*, mpaka tumbo ikagusa udongo, vile ilifanyaka zamani na hewa. We niambie: resori ya chuma itatoa hewa gani? Mu jipu hakuna hata mupira moja wa hewa, nilitoa yote na haya mikono!

Nilikaa pale, jasho inatoka mpaka ku kucha. Chini, Baraka inaonekana kabisa, na ziwa. Ningeshuka na miguu, ningefika kwa bibi kabla ya bugali. Lakini jipu inabaki kwa nani? Na Furaha anapanda na nini? Nikaanza kukasirika. Zile usiku zote chini ya gari, ile sabuni, yale mayai mu miguu, halafu inanyang'anywa na mutu hana hata viatu viwili? Nikafungua mulango. Nikachukua ile chuma ndefu ya kufungulia gurudumu. Nikarudi kule nyuma, naimba wimbo wa kanisa na sauti ya mbuzi.

Alikuwa pale pale. Sikumuangalia. Nikatoa jiwe yangu ya kwanza, nikaitupa mu mufereji. Ya pili vilevile. Nikasema, "Haya, nimetoa."

Akanionyesha na kidole: kule kulikuwa ingine, ya gari ingine, majani ilishaota pembeni. Nikatoa. Akaonyesha ingine. Nikatoa. Nilizunguka ile viraje kama mufungwa, natoa mawe ya bashofere benye labda balishazeeka, na yeye ananifuata.

Mwisho akafika ku moja kubwa, karibu na bonde, akachuchumaa kando yake.

"Na hii?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mutoto.

"Hii njo yangu," akasema. "Kamiyo, gari kubwa ya mihogo, ilikufa hapa. Bakatengeneza, bakaenda. Mi nilikuwa natoka Misisi na pikipiki, jua inaingia, jiwe sikuiona."

"Si una nguvu we? Umeinua jipu! Kwa nini haujaitoa?"

Akaweka mikono mbili ku ile jiwe, akasukuma. Mikono ikapita, kama mu moshi.

"Gari naweza, Papa. Hii siwezi."

Uoga ukanitoka, sijui ulienda wapi. Nikaona tu mutoto wa mutu, amechoka kungojea. Nikatia ile chuma chini ya jiwe, nikalala juu yake na tumbo yangu yote. Jiwe ilikuwa nzito kama kiboko mwenye mimba. Haikutikisika. Nikachimba pembeni na vidole. Nikarudi ku chuma. Nikaitukana, nikaibembeleza, nikaiambia habari ya Furaha. Sijui ilichukua muda gani. Shati ilipasuka mugongo yote. Halafu ikasema *ngrr*, ikageuka mara moja, ikaenda mu bonde, inavunja miti, mpaka nikaisikia imefika chini.

Nikageuka nimuambie: umeona? Hakuna mutu. Pale mu majani, kwenye jiwe ilikuwa, kuko kaske nyekundu, imepasuka upande moja, ndani imejaa udongo, na mu udongo majani imeota.

Na jipu? Nilirudi nikaikuta imesimama ku miguu yake ine, ndefu, kama haijawahi kunijua.

Nyumbani nikamuuliza bibi: "Mama Furaha, kriki iko wapi?"

"Si we uliitia chini ya kitanda, ile Jumapili guu ya kitanda ilivunjika? We mwenyewe unailalia!"

Alimasi alikuwa pale, anakula ndagala zangu, anajitayarisha kucheka. Nikatoa kaske mu mufuko. Akaacha kutafuna.

"Umeitoa wapi?"

"Unaijua?"

"Mi njo nilimupatia. Ni ya Wilondja, wa Kilembwe. Tulikuwa tunaendesha pamoja. Tulimukuta chini mu bonde, ameshakufa, kaske hatukuiona." Akaigeuza mu mikono. "Ile jiwe naipita kila siku, shemeji. Kila siku naizunguka."

Hakucheka tena ile usiku. Asubuhi alichukua pikipiki, akaipeleka kaske Kilembwe, kwa mama ya Wilondja.

Jumamosi, Furaha akaingia mu jipu, mweupe kama maziwa, bamama banapiga vigelegele nyuma. Tukapanda. Kabla ya Fizi, kulikuwa jiwe mu njia, ya gari nisiyoijua. Jipu ikasimama. *Pssss.* Ikapiga magoti mbele ya batu yote ya harusi! Nikatoka na koti yangu ya kukodi, lakini Alimasi, mwenye alitutangulia na pikipiki, alikuwa ameshashuka, ameikamata. Furaha naye akatoka, akakunja nguo ku magoti, akasukuma pamoja na sisi. Ile jiwe ikatoka, jipu ikapanda. Binti yangu alifika kwa bakwe mu jipu ya baba yake, dirisha imefungwa, anapungia batu mukono, vidole vyeusi.

Mpaka leo iko vile. Jipu yangu haipiti jiwe ya mutu. Safari ya kwenda Fizi inanichukua muda mara mbili, na hapa Baraka jina yangu ya kuzaliwa balishaisahau: bananiita Papa Mawe. Njoo uulize, batoto batakuonyesha nyumba. Yule kijana, hakuna mwenye alimuona tena. Lakini njia iko na viraje mingi, na mi, ile siku, nilitoa mawe ya moja tu.

Kwa hiyo we mwenye kuwa na gari, hata kama ni ya kubeba mihogo, nisikie. Siku umetengeneza mwenyewe, mikono imejaa mafuta, injini imewaka vizuri, na moyo unakuambia twende: shuka. Toa jiwe yako. Injini ikizimika, niite, nitakuja kukusukuma mi mwenyewe. Nyuma yako kuko mutoto wa mama mumoja anakuja na pikipiki, na jua inaingia.